Njia ya Pikipiki Ipangwe Usiku, na Nakala Ibaki Nyumbani

Mtu anapofariki hapa Kizwite kabla ya alfajiri, jambo la kwanza baada ya dua ni hesabu ya ndugu. Yuko dada wa marehemu Mtowisa, bondeni Rukwa. Yuko kaka Kasanga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Wapo na watoto waliohamia Kirando kwa biashara ya dagaa. Simu zitapigwa, na baadhi hazitapatikana, kwa kuwa mtandao wa huko huja na kuondoka. Mazishi nayo hayangoji siku tatu. Ndipo vijana hutafutwa, pikipiki hujazwa mafuta, na kijana mmoja huulizwa: "Njia ya kwenda huko unaijua?"

Siku hizi jibu limekuwa jepesi mno. Kijana huinua simu yake na kusema, "Nitafuata ramani." Wazee hunyamaza kwa kuiheshimu teknolojia, mama husema Bismillahi, na pikipiki huondoka. Makala hii inawahusu wote watatu: kijana anayeondoka, mzee aliyenyamaza na mama aliyebaki. Simu ile ina uwezo mkubwa wa kumwongoza msafiri, lakini kwa nchi yetu ya Ufipa uwezo huo haukamiliki mpaka mwenye kuijua njia akae na mwenye kuijua simu, waichore njia pamoja, waihifadhi, kisha waache nakala yake nyumbani.

Tuanze na nchi yenyewe. Anayetazama ramani ya karatasi huiona Sumbawanga katikati ya maziwa mawili, na kila ziwa laonekana karibu. Asichokiona ni kimo. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi, na Ziwa Tanganyika karibu na mita 770. Kwa hiyo kwenda ziwa lolote kati ya hayo mawili ni kuteremka takriban kilomita nzima, na nchi haiteremki taratibu. Upande wa Rukwa hukatika ghafla kwenye ukingo unaoitwa Lyamba lya Mfipa, na barabara za kushukia bondeni ni chache. Baina ya barabara hizo kuna njia za miguu, za ng'ombe na za wakata kuni. Baadhi yake zimeingia katika ramani za simu kwa sababu mtu aliye mbali aliiona mistari kwenye picha iliyopigwa kutoka angani, akaihesabu kuwa barabara.

Sasa programu ya ramani hupewa maneno mawili tu: kutoka hapa, kwenda pale. Hupiga hesabu ya njia fupi au ya haraka kwa mistari iliyo nayo, basi. Haijui kama jabali liliporomoka mwezi Machi. Haijui kwamba korongo fulani huvukika asubuhi na jioni likawa mto kwa sababu ya mvua iliyonyesha juu, Ufipa, huku bondeni jua likiwaka. Kutoka Sumbawanga hadi Kasanga, ukipima kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 75. Kwa barabara ya kupitia Matai ni zaidi ya kilomita 100. Katika tofauti hiyo ya kilomita ndimo zilimo njia zote za mkato zinazomshawishi mgeni, na programu ni mgeni siku zote.

Sisi Waislamu mstari ulionyooka tumeuzoea kwa ajili ya kibla. Kutoka Sumbawanga kibla iko takriban nyuzi 15 mashariki ya kaskazini, na mwenye kuswali akishaujua uelekeo huo hana haja ya kuuliza kama mbele yake kuna mlima, bonde au bahari. Abu Rayhan al-Biruni, mwanachuoni aliyekamilisha mwaka 1025 kitabu chake cha kubainisha mahali ilipo miji, alifanya hesabu ndefu na nzito kuupata uelekeo wa namna hiyo kwa mji wa Ghazna. Uelekeo humtosha mwenye kuswali. Mwenye pikipiki haumtoshi, maana yeye hana budi kupita juu ya kila kilichomo baina yake na aendako. Anachohitaji ni mfuatano wa mahali: hapa kwanza, kisha pale, kisha darajani, kisha kushoto.

Setilaiti haidai bando

Wengi hudhani kwamba GPS hula bando, na kwamba pasipo mtandao simu huwa kipofu. Dhana hii ndiyo huwafanya watu wasijiandae, kwa hiyo inafaa kuiondoa kwanza.

GPS ni mfumo wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Setilaiti zake, zisizopungua 24, huizunguka dunia katika kimo cha takriban kilomita 20,200, na kila moja hutangaza kwa mawimbi ya redio saa iliyo nayo na mahali ilipo. Simu yako husikiliza tu, kama redio ya sebuleni inavyosikiliza taarifa ya habari. Haitumi kitu huko juu, wala hakuna wa kuidai. Ikizisikia nne kwa wakati mmoja hulinganisha nyakati zake, ikajua mahali ilipo na kimo chake. Zamani Wamarekani waliivuruga kwa makusudi ishara iliyoachiwa raia, hata kosa likaweza kufika mita 100. Tarehe 2 Mei 2000 waliacha kuivuruga, na tangu hapo chombo hiki kikafaa kumwonyesha mtu barabara aliyomo. Leo simu nyingi husikiliza pia setilaiti za Urusi, za Ulaya na za China, kila moja kwa mfumo wake.

Kinachokula bando ni picha ya ramani, ile karatasi ambayo nukta yako huonekana juu yake. Dawa yake ni kuipakua ukiwa mjini, usiku ambapo bando ni rahisi, na kuihifadhi ndani ya simu. Programu mbili zinazofaa kwa kazi hii, nazo hupatikana bure, ni OsmAnd na Organic Maps. Zote hutumia ramani ya OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004 ambao humruhusu mtu yeyote kuchora na kusahihisha. Google Maps nayo hukubali kuhifadhi eneo kwa matumizi ya nje ya mtandao, lakini haipokei faili la njia lililotayarishwa kwingine, na faili hilo ndilo msingi wa makala hii.

Tahadhari moja. Simu iliyozimwa muda mrefu, ikiwashwa mahali pasipo mtandao, yaweza kuchukua dakika kadhaa kabla ya kujua ilipo. Isimamishwe mahali pa wazi, si chini ya bati la baraza, wala mwenye simu asiharakishe kuilaumu. Chini ya ukingo wa bonde, ambako nusu ya mbingu imezibwa na mlima, nukta yaweza kuyumba kando ya barabara. Hilo ni jambo la kawaida. Msafiri atulie, asigeuze pikipiki kwa sababu nukta imehama hatua chache.

Nukta, njia na nyayo

Mwaka 2002 ilitangazwa namna moja ya kuandika faili la safari ambayo vyombo vya kampuni mbalimbali vingeweza kuisoma. Huitwa GPX. Ndani yake ni maandishi ya kawaida tu, safu ya mahali baada ya mahali, kila mahali kwa latitudo na longitudo yake. Lakini faili la GPX laweza kubeba vitu vitatu tofauti, na kutokuvitofautisha ndiko kunakowapoteza hata wenye vyombo vya bei kubwa.

Cha kwanza ni nukta: mahali pamoja penye jina, kama zahanati au kituo cha mafuta. Cha pili ni njia: orodha fupi ya mahali pa kupitia, ambayo chombo huipokea kisha chenyewe kikaamua barabara za kuunganisha mahali hapo. Cha tatu ningependa tukiite nyayo: mamia au maelfu ya nukta zilizokaribiana, zilizoachwa na mtu aliyepita kweli au zilizochorwa juu ya barabara hatua kwa hatua.

Tofauti ya njia na nyayo si ya maneno. Ukimpelekea mwenzako njia yenye mahali patatu, yaani Kizwite, Muze na Mtowisa, chombo chake kitapiga hesabu upya kwa ramani yake na mapendeleo yake. Kama chako kilipita Ntendo, chake chaweza kuchagua njia nyingine ya kushukia bonde, na skrini isionyeshe dalili yoyote kwamba mambo yamebadilika. Nyayo hazibadiliki. Chombo huonyesha mstari ule ule uliochorwa, kikae mikononi mwa nani, kiwe na ramani ya mwaka gani. Kwa nchi ya miteremko kama yetu mimi naona suala limekwisha: kinachohamishwa kwenda kwenye pikipiki kiwe nyayo, na nukta chache juu yake.

Nyayo bora ni za aliyepita. Programu zote mbili nilizozitaja zina sehemu ya kurekodi safari. Mtu huibonyeza anapoondoka, huitia simu mfukoni skrini ikiwa imezimwa, na akifika huihifadhi. Safari ya nusu siku haifiki hata ukubwa wa picha moja ya kamera ya kisasa. Vijana wetu wanaokwenda Muze kufuata mpunga na samaki hupita njia hiyo mara kwa mara, na kila safari isiyorekodiwa ni elimu iliyomwagika barabarani.

Pasipo nyayo za aliyepita, njia huchorwa, na hapa ndipo mzee anaponyamazishwa bila sababu. Kuna nyumba nyingi ambamo babu amekwenda bondeni kwa miguu, kwa baiskeli, kwa lori la mahindi na kwa pikipiki, naye anajua kila mto kwa jina lake la Kifipa. Mjukuu hajawahi kuvuka Ntendo, lakini vidole vyake havikosei kwenye simu. Wakae pamoja baada ya Isha. Babu aseme, mjukuu achore. Kila babu anaposema "hapo usiende kulia," pawekwe nukta. Anaposema "hapo pana mchanga," pawekwe nukta yenye neno hilo hilo. Mjukuu akuze ramani mpaka aone njia panda yenyewe, asichore kwa kubahatisha kutoka juu.

Wachoraji wana kanuni moja ya ufundi inayofaa kukumbukwa: nukta ya kulazimisha njia isiwekwe kwenye njia panda bali katikati ya kipande cha barabara unayoitaka. Ikiwekwa kwenye njia panda, na ikaangukia hatua chache ndani ya barabara isiyo yako, chombo kitamwingiza msafiri huko, kimfikishe kwenye nukta, kisha kimwambie ageuke. Kwenye lami ni kero ndogo. Kwenye mteremko wa mawe, na abiria nyuma, si ndogo.

Mambo yanayostahili nukta huku kwetu ni machache. Mafuta, yakiwemo yale ya chupa ya kijijini. Fundi wa pancha. Zahanati. Mto usio na daraja. Msikiti au nyumba ya Mwislamu anayejulikana. Na jingine ambalo wageni hawalifikirii: mahali mtandao unaposhika. Kila njia ya bondeni ina jiwe au mti ambapo watu husimama kupiga simu. Nukta ya jiwe hilo huenda ikawa na thamani kuliko nyingine zote.

Faili lipewe jina lenye msimu na mwaka. Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na njia ya Agosti si njia ya Februari hata kama mstari ni ule ule. "Kizwite-Mtowisa-kiangazi" ni jina zuri. "Njia mpya" si jina. Baada ya mwezi zitakuwepo njia mpya nne.

Anayedhani haya ni mambo ya kizungu awakumbuke waliosafiri Bahari ya Hindi. Ahmad ibn Majid wa Julfar, aliyeishi karne ya 15, aliandika njia za baharini kwa mashairi, na utungo wake mmoja, as-Sufaliyya, ulieleza njia ya pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi Sofala. Aliandika kwa mashairi ili baharia ahifadhi kifuani, kwani karatasi hulowa. Kituo, nyota ya kupimia, hatari ya mwamba, kituo kinachofuata: ni mpangilio ule ule tunaoujaza leo kwenye faili. Rubani wa jahazi aliitwa muallim, neno lile lile lililotupa mwalimu, na kazi ya muallim ilikuwa kujua njia kabla ya tanga kutwekwa.

Jambo la alama na tarakimu lisidharauliwe. Sumbawanga iko latitudo 7.97 kusini na longitudo 31.62 mashariki. Kwenye simu huandikwa -7.97, 31.62, na ile alama ya kutoa maana yake ni kusini ya Ikweta. Mtu akiisahau atapelekwa Sudan Kusini. Akizigeuza, yaani akatanguliza 31.62 kisha -7.97, atajikuta katika viunga vya Marrakech, nchini Moroko. Mji wenye heshima katika historia yetu, lakini hauko njia ya Matai. Kwa hiyo anayetumiwa tarakimu kwa ujumbe azitazame kwanza kwenye ramani, aone kama zimeangukia Rukwa, kabla ya kuwasha pikipiki.

Kuihamisha kwenye chombo

Kutoka simu hadi simu, faili hutumwa kwa WhatsApp kama hati. Picha ya skrini haifai, ingawa ndiyo inayotumwa zaidi: picha haina latitudo ndani yake, nayo haimfuati msafiri anapotembea. Pasipo bando, Bluetooth hutosha, simu mbili zikiwa juu ya meza moja. Mpokeaji hulifungua faili kwa OsmAnd au Organic Maps, huliona mstari wake juu ya ramani, na kuuamuru uonekane.

Kisha lije jaribio, ambalo ningependa lifanywe na mama wa nyumba, kwa kuwa yeye ndiye atakayekesha. Simu iwekwe katika hali ya ndegeni, kama abiria wa ndege wanavyoamriwa. Programu ifungwe na kufunguliwa upya. Je, ramani inaonekana? Ukiikuza, majina ya vijiji yanasomeka? Mstari upo, tangu mlangoni hadi mwisho? Ufuatwe kwa kidole mpaka mwisho, taratibu, mzee akiwa kando. Urefu wake ulinganishwe na kilomita zinazojulikana. Mstari wa Kasanga ukisoma kilomita 80, kuna mahali umekata pasipo barabara. Jaribio hili huchukua dakika kumi, na likishindwa, bora lishindwe sebuleni.

Vipo pia vyombo maalumu vya pikipiki, kama vile Garmin zūmo, ambavyo tunaviona kwa wageni wenye pikipiki kubwa wanaopita hapa wakitokea Tunduma kuelekea Mpanda na Kigoma. Hivyo huunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, na faili hutiwa katika folda ya GPX, ama ndani ya chombo ama kwenye kadi yake. Kuliweka faili hapo hakutoshi; ni lazima kuliingiza kutoka kwenye orodha ya safari za chombo chenyewe, na kuchagua kama litumike kuwa njia au nyayo. Kwa bei yake sioni sababu ya msikiti kukinunua. Simu ya zamani yenye skrini iliyopasuka pembeni hufanya kazi ile ile.

Na ni afadhali iwe simu ya zamani. Mwezi Septemba 2021 kampuni ya Apple iliwatahadharisha wateja wake kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki, ukipitia kwenye usukani, waweza kuharibu kamera za simu zao. Barabara zetu za makorongo zina mtetemo wa kutosha bila hata injini kubwa. Anayetaka kuifunga simu kwenye usukani atafute kishikio chenye mpira wa kupunguza mtetemo, amwombe fundi amtolee chaji kwenye betri ya pikipiki, na mvua ikija simu iingie kwenye mfuko wa plastiki. Mimi huona ni bora zaidi ikae mfuko wa kifuani, na dereva asimame kila baada ya nukta muhimu, atazame, akumbuke mahali patatu panapofuata, aendelee. Anayeshuka Lyamba lya Mfipa huku macho yake yako kwenye skrini hana faida na setilaiti 24.

Zikiondoka pikipiki kadhaa kwa pamoja, kama ilivyo desturi ya msiba, wote wabebe faili moja, hata walio nyuma ambao wamezoea kufuata taa. Taa ya mbele hupotea kwenye vumbi.

Nakala ya nyumbani

Hapa ndipo penye jambo ambalo familia nyingi hazijalifikiria. Faili likishahamishwa kwenye simu ya msafiri, litumwe vilevile kwenye simu ya anayebaki: mke, mume, mzazi au kaka. Pamoja nalo uandikwe ujumbe mfupi wenye saa ya kuondoka, saa inayotarajiwa ya kufika, na zile nukta mbili au tatu za mtandao ambapo msafiri ameahidi kupiga simu.

Wapo watakaosema WhatsApp ina namna ya kuonyesha mahali mtu alipo muda wote. Ni kweli, maadamu simu ya msafiri iko kwenye mtandao. Pale anapoingia bondeni na mtandao ukakatika, alama yake hubaki mahali ilipoonekana mwisho, na mama nyumbani hukaa akiitazama bila kujua kama mwanawe amepumzika, ameanguka au ameshafika. Nakala ya nyayo haitegemei mtandao. Ikipita saa ya ahadi, wanaotoka kumtafuta hawaanzi kwa kubahatisha kati ya njia tatu. Wanao mstari wenyewe, wanajua alipopiga simu mara ya mwisho, na wanatafuta kipande kilichobaki. Usiku, kwenye mteremko, pengine mtu akiwa na mguu uliovunjika, kukijua kipande hicho ni jambo kubwa kuliko yote yaliyotangulia.

Mambo haya yana adabu yake. Nakala huachwa kwa hiari ya msafiri na kwa ajili ya usalama wake. Isigeuzwe kuwa chombo cha kupelelezana ndani ya ndoa, jambo ambalo dini yetu imelikataza. Safari ikimalizika, muuguzi au mwalimu wa madrasa aliyekwenda vijijini asidaiwe maelezo ya kila mahali aliposimama. Na nyayo zinazotumwa kwenye makundi ya watu wengi zikatwe mwanzo na mwisho, kwa sababu zilizorekodiwa huanzia mlangoni mwa nyumba ya mtu.

Kama kuna anayeona tunakuza jambo, atazame Mkoa wa Mara. Huko, tangu mwaka 2015, mradi wa kujitolea uitwao Crowd2Map Tanzania umekuwa ukichora vijiji kwenye OpenStreetMap kwa sababu moja ya wazi: wasichana waliokuwa wakikimbia ukeketaji walipaswa kufikiwa, mara nyingine usiku, na vijiji vyao havikuwemo kwenye ramani. Watu waliokaa mbali walichora nyumba na barabara kwa picha za angani. Wenyeji, simu mkononi, wakaandika majina. Mwaka huo huo Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi kuichora mitaa inayokumbwa na mafuriko. Kote kuwili aliyetoa jina la mahali alikuwa mwenyeji, na hakuna setilaiti iliyoweza kumfanyia kazi hiyo.

Rukwa nayo ina upungufu wa namna hiyo. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 imetupatia majina ya barabara na namba za nyumba, na yanafaa kwa aliyekwisha kufika kijijini. Safari ya kufika ndiyo iliyobaki juu yetu. Kijana akirudi kutoka bondeni na kukuta kwamba ramani imeandika jina la kijiji mahali pasipo, au daraja lililochukuliwa na maji bado linaonekana limesimama, aweza kulisahihisha kwenye OpenStreetMap jioni ile ile, na sahihisho lake likawafikia wote watakaopakua ramani baadaye.

Kwa upande wa msikiti wetu hapa Kizwite, kamati imefungua daftari la njia, na pamoja nalo simu moja inayokaa ofisini, ambayo ndani yake mna mafaili yaliyokwisha kujaribiwa. Njia ya Matai hadi Kasanga ipo, na ya Namanyere hadi Kirando ipo. Bondeni tunayo ya Ntendo, Muze na Mtowisa kwa kiangazi tu. Ya masika bado. Zinazokosekana kabisa ni za Ilemba, Kipeta na Kilyamatundu, nako kote tuna ndugu. Ofisi huwa wazi baada ya Swala ya Ijumaa hadi Alasiri. Mwenye nyayo za huko aje na simu yenye chaji. Asiyeijua simu ila anaijua njia aje hivyo hivyo. Kijana wa kumchorea yupo.